Santuri Moja ya Ghadhabu

Mtoto wa ndugu yetu, aliyekuja kwetu wakati wa likizo, alituletea katika simu yake santuri moja ya Wamarekani, akatuambia, "Baba mdogo, wewe husema kila siku kwamba makelele si muziki. Sikiliza hii, kisha uniambie." Siku ile tulisikiliza kidogo tu, tukamwamuru aizime, maana wimbo wa pili una tusi, na dirisha la jirani lilikuwa wazi. Lakini usiku, watoto walipokwisha kulala, tuliiomba simu ile tena. Tangu siku hiyo tumeisikiliza santuri yote mara nyingi, tena kwa makini, na haya tuandikayo ndiyo jibu letu kwa kijana yule, na kwa wasomaji wengine wenye vijana nyumbani.

Santuri yenyewe yaitwa Rage Against the Machine, na jina hilo ndilo la bendi pia. Maana yake ni Ghadhabu juu ya Mtambo. Mtambo huo si wa kusaga nafaka; ni serikali, na makampuni, na askari, na shule pia, kama tutakavyoona, vyote vikienda pamoja kama magurudumu yanayosukumana. Bendi iliundwa Los Angeles mwaka 1991, na santuri hii, iliyo ya kwanza kwao, ilitolewa na kampuni ya Epic tarehe 3 Novemba 1992. Nyimbo zake ni kumi, nazo huchukua karibu dakika 53. Wapigaji ni wanne: Zack de la Rocha mwenye maneno, Tom Morello mwenye gita, Tim Commerford mwenye gita la besi, na Brad Wilk mwenye ngoma.

Msomaji asiyezijua nyimbo za Marekani yampasa kwanza aelewe ni vitu gani vilivyochanganywa humu. Cha kwanza ni roki, yaani muziki wa magita ya umeme na ngoma nzito. Cha pili ni ule ambao kwetu umeitwa muziki wa kufokafoka, ulioanza katika mtaa wa Bronx, New York, ambako tangu mwaka 1973 kijana mmoja mzaliwa wa Jamaica, aliyejulikana kwa jina la DJ Kool Herc, alikuwa akipiga santuri karamuni na kukirudia-rudia kile kipande cha ngoma tupu ili wachezaji wasipoe. Juu ya ngoma ile watu wakaanza kusema maneno ya vina. Mwenye kufoka haimbi, wala hasemi tu. Afanya jambo lililo kati ya hayo mawili. Sisi tusemao Kiswahili hatuna shida kulifahamu jambo hilo, kwa kuwa tangu zamani tunalo neno kughani. Tofauti ni kwamba mghani wetu hutulia, na huyu hufoka kweli, mithili ya chungu kilichozidishiwa kuni.

Wako wanaodhani kwamba miziki hii miwili ni kama maji na mafuta. Si hivyo. Roki nayo ilitoka katika bluzi za Weusi wa Marekani ya kusini, ingawa baadaye wenye redio na wenye maduka waliipa roki mlango wake na kufoka mlango wake, hata watu wakasahau kuwa ni watoto wa bibi mmoja. Basi udugu upo. Lililo gumu ni kazi yenyewe ya kuwafanya ndugu waliotengana wakae nyumba moja pasipo kukanyagana.

Wengine walijaribu kabla ya hawa. Mwaka 1986 kundi la Run-DMC liliurudia wimbo Walk This Way wa Aerosmith, pamoja na Aerosmith wenyewe, na katika picha ya sinema iliyofuatana na wimbo ule twaona makundi mawili yametengwa na ukuta, kisha ukuta unatobolewa. Ni wimbo mzuri, nasi hatuuchoki. Walakini ukiusikiliza vema utaona kwamba, hata baada ya ukuta kubomoka, kila mmoja amebaki upande wake na desturi zake: hawa wanafoka, yule anaimba, wakapeana zamu kama wageni walioalikwa karamu moja. Mwaka 1991 Anthrax na Public Enemy walifanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Hayo yote yalikuwa kualikana. Katika santuri ya Rage Against the Machine watu ni wa nyumba moja, na hilo lasikika.

Lasikika zaidi katika gita, nasi twaomba ruhusa ya kukaa hapa kidogo.

Katika muziki wa kufokafoka, mwenye kazi kubwa nyuma ya msemaji ni mpiga santuri, ambaye vijana humwita dijei. Yeye huikwaruza santuri kwa mkono, mbele na nyuma, hata ikatoa sauti ambayo mtengenezaji wake hakuikusudia kamwe. Na vipande vya nyimbo za wengine huvikata na kuvishona upya. Bendi hii haina dijei. Ndani ya jalada la santuri wametia tangazo kwamba hakuna kipande cha sauti kilichochukuliwa kwingine, wala kinanda cha umeme, wala mtambo wa kuundia sauti, uliotumika humo. Mara ya kwanza tulidhani ni majivuno ya vijana. Tulipokwisha kusikiliza tulifahamu kwamba ni tangazo la lazima, maana bila hilo mtu angeapa kuwa mitambo imo. Mtoto wa ndugu yetu aliapa.

Kumbe ni gita la Morello. Gita lake lina vipokea sauti viwili chini ya nyuzi. Kimoja hukifunga kabisa, kingine hukiacha wazi, kisha huichezesha upesi upesi ile swichi iliyo kati yao, hata sauti ikakatika-katika kama maneno ya mwenye kigugumizi. Ndivyo uanzavyo wimbo wa sita, Know Your Enemy. Mahali pengine husugua nyuzi kwa mkono, nayo ikatoka sauti ya santuri inayokwaruzwa. Katika Killing in the Name hukanyaga chombo kinachoirusha sauti juu kwa oktava mbili, gita likalia kama king'ora. Swichi hiyo si kitu kigeni. Magita mengi ya namna hiyo huwa nayo, na wapigaji wa roki wamekuwa wakiigeuza kwa miaka mingi ili kubadili ukali wa sauti tu. Huyu aliitazama akaona kuwa ni mkono wa dijei.

Kwa maoni yetu hapa ndipo mchanganyiko ulipofaulu, wala si katika wingi wa vitu vilivyotiwa. Gita katika roki ndilo bwana mkubwa. Wimbo ukifika katikati watu wote hunyamaza ili lijisifu. Katika santuri hii bwana mkubwa amekubali kujifunza kazi ya mwingine, akaifanya kwa mikono yake mwenyewe, pasipo kuazima. Na msemaji kadhalika. De la Rocha alitoka katika bendi ya roki kali, na sauti yake ina mkwaruzo wa roki, lakini anaheshimu vina na mapigo kama mfokaji wa New York. Kila mmoja amehamia kwa mwenzake.

Habari za huyo Morello zatuhusu kidogo sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 30 Mei 1964. Baba yake ni Ngethe Njoroge, Mkenya, aliyekuwa balozi wa Kenya huko Uingereza katika miaka ya 1970. Mama yake ni Mary Morello, mwalimu Mmarekani mweupe. Kijana alilelewa na mama yake peke yake katika mji mdogo wa Libertyville, jimbo la Illinois, ambako mama alikuwa akifundisha shule, na baadaye akasoma katika chuo kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1986. Katika miaka ile ya mwisho ya 1980, wakati wake za wakubwa wa Washington walipokuwa wakitaka nyimbo zenye maneno machafu zitiwe alama, mwalimu huyo mama alianzisha chama cha wazazi wa kuzitetea roki na nyimbo za kufoka. Twakiri kwamba tuliposoma habari hiyo tulicheka, kisha tukajiuliza kama sisi tungekuwa na ushujaa huo katika mkutano wa wazazi.

De la Rocha naye ni mtoto wa mchoraji, Beto de la Rocha, mmoja wa kundi la wachoraji wa asili ya Mexico liitwalo Los Four. Kwa Commerford na Wilk hatuna mengi ya kusema, ila kwamba hawana makeke, nao hujua kunyamaza. Sikiliza Bullet in the Head uone jinsi besi na ngoma zinavyotembea pole pole peke yake na sauti ya msemaji, na ghadhabu inavyojazwa tone kwa tone kwa zaidi ya dakika tatu kabla ya kumwagika. Bendi ndogo hukosa subira hiyo.

Sasa tuje kwenye maneno, na hapa sifa zetu zapungua.

Maneno ya santuri hii ni mazuri pale msemaji anapomjua mtu anayemsema. Katika Settle for Nothing tunasikia habari za kijana aliyekulia katika nyumba ya mapigo, na muziki wake ni wa chini kama mtu anayeongea gizani. Wimbo huo ulitusumbua usiku kucha. Katika Wake Up, wimbo wa saba, wanatajwa Martin Luther King na Malcolm X, na yale ambayo idara ya upelelezi ya Marekani iliwatendea viongozi wa Weusi. Mambo hayo si uzushi wa mtunga nyimbo. Wapelelezi waliitegea sikio simu ya King, naye alikuwa mchungaji wa kanisa. Habari hizo zilichunguzwa na kamati ya Baraza la Senati mwaka 1975 na 1976, zikaandikwa wazi. King alisema hadharani dhidi ya vita vya Vietnam tarehe 4 Aprili 1967, akauawa Memphis siku hiyo hiyo ya mwaka uliofuata. Kijana asiyejua habari hizi akiusikia wimbo, atauliza, "Huyu alikuwa nani?" Wetu aliuliza. Tulikaa naye saa nzima tukimweleza, na tangu aanze kidato cha kwanza hatukupata kumwona akisikiliza somo la historia kwa muda mrefu namna ile.

Lakini ziko nyimbo nyingine ambamo adui hana jina wala uso. Ni "wao" tu, wao wanaodanganya, wao wanaofunga, wao wenye nguvu. Ukisikiliza nyimbo mbili za namna hiyo mfululizo waanza kuhisi kwamba ghadhabu inaendeshwa na mazoea, na gita ndilo linalobeba mzigo ambao maneno yameuweka chini. Fistful of Steel kwetu ni mfano wa hayo. Muziki wake ni hodari, na tulipokwisha kuusikia mara tano hatukukumbuka umesema nini.

Wimbo wa tatu, Take the Power Back, wahusu shule, nao umetuchoma sisi wenyewe, kwa hiyo msomaji atupime kama tunausema kwa haki. Walaumiwao humo ni waalimu na mpango wa masomo wenye kufundisha historia ya Wazungu peke yake kana kwamba watu wengine hawakuwahi kuishi. Tulitaka kujibu kwamba mwalimu hachagui vitabu, huletewa. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba sisi tumepata kusimama mbele ya darasa mwaka mzima na kitabu kisichotaja mlima wala mto hata mmoja ambao watoto wale wangeweza kuufikia kwa miguu, na siku mtoto mmoja alipouliza habari za vita ambavyo babu yake mkuu alipigana, tulimwambia haimo katika mtihani. Jibu lile lilitoka upesi mno. Wimbo huu ulitukumbusha, nasi hatukuupenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo twauhesabu kuwa miongoni mwa nyimbo bora za santuri.

Limebaki tusi. Wimbo wa pili, Killing in the Name, una maneno machache kuliko barua ya mtoto wa darasa la tatu, nayo yanarudiwa-rudiwa. Kisa chake ni askari wenye kushirikiana kwa siri na wale wabaguzi wachomao misalaba. Ili kuelewa ukali wake yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1991 askari wa Los Angeles walinaswa katika picha wakimpiga mtu mweusi, Rodney King, na tarehe 29 Aprili 1992 mahakama haikuwatia hatiani. Mji ukawaka moto siku kadhaa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Miezi sita baadaye santuri ikatoka. Mwishoni mwa wimbo msemaji anakataa kuamriwa, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kisha kwa kelele, na neno chafu limo katika kila mrudio. Mwezi wa Februari 1993 mtangazaji mmoja wa BBC aliurusha mzima hewani kwa bahati mbaya, simu za malalamiko zikamiminika.

Je, neno lile lilikuwa la lazima? Tumelifikiri sana jambo hili, wala hatutaki kujibu kwa kukunja uso tu. Ukweli ni kwamba ule mpando wa sauti umejengwa kwa ustadi, na Morello amesimulia kwamba pigo la gita la wimbo huo lilimjia alipokuwa akimfundisha mwanafunzi gita, akasimamisha somo ili alitie katika kaseti asije akalisahau. Muziki ungeweza kuibeba kataa ile hata kwa neno safi. Tusi limeurahisishia msikilizaji kazi: anapiga kelele pamoja nao, moyo unapoa, na wale askari na misalaba yao wamekwisha sahauliwa. Mwaka 2009 Waingereza wengi waliununua wimbo huu, nakala zaidi ya 500,000 katika juma moja, ukawa wa kwanza katika orodha ya Krismasi, ili tu kumshinda kijana aliyepewa ushindi na mashindano ya televisheni. Bendi ilitoa fedha zake kwa kuwasaidia wasio na makazi, nalo ni jambo jema. Walakini twauliza ni wangapi kati ya wale wanunuzi waliomkumbuka Rodney King. Lawama yetu kwa tusi ni hiyo kwanza, kisha ndiyo ile ya jirani na dirisha lake.

Lawama nyingine ni ya jalada. Picha iliyo juu yake ni ya Thich Quang Duc, mtawa wa Kibuddha, aliyejichoma moto katika njia panda ya Saigon tarehe 11 Juni 1963 kwa kupinga mateso ya Wabuddha chini ya serikali ya Diem. Mpiga picha alikuwa Malcolm Browne. Mtu anaungua, naye amekaa wima, hasogei. Vijana hawa walipenda moto tangu mwanzo: kaseti waliyojitengenezea mwaka 1991 ilikuwa na kurasa za bei za masoko ya hisa, na njiti moja ya kiberiti imebandikwa. Ile ya kiberiti ilikuwa ya werevu, nayo ilikuwa yao. Hii ya mtawa si yao. Mtoto wa ndugu yetu alikuwa ameitazama miezi mingi katika simu akidhani ni picha ya kuchorwa. Tulipomwambia kwamba ni mtu, na jina lake, aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Kifo kama kile kikitumiwa kuuza santuri, hata santuri njema, yafaa jina la marehemu lijulikane kuliko jina la bendi.

Na kampuni ya Epic, iliyouza ghadhabu hii juu ya makampuni, ni tawi la Sony ya Japani. Bendi walilaumiwa kwa hilo mara nyingi, wakajibu kwamba ujumbe hauna budi kufika mbali. Marekani peke yake zimehesabiwa nakala milioni 3, basi ulifika. Hatuwalaumu sana; sisi nasi hutia chaki mkononi iliyonunuliwa na watu tusiokubaliana nao.

Waliokuja nyuma yao, mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wengi, na wengi wao walichukua ukelele wakaacha sababu yake. Linkin Park, waliotoa Hybrid Theory mwaka 2000, walimrudisha dijei mahali pake na kuigeuza ghadhabu iwe ya moyo wa mtu mmoja. Hao wastahili makala yao peke yao.

Mwenye kutaka kuisikiliza santuri hii aanze na Wake Up, aende Settle for Nothing, kisha Take the Power Back akiwa ni mwalimu. Know Your Enemy aisikilize kwa ajili ya swichi ile tu. Wimbo wa pili auache mpaka watoto walale, afunge na dirisha.